Mwaka Waliomnyima Baba Kura

Baba yangu aligombea ubunge mara moja tu maishani mwake, na walioamua asiupate walikuwa watu wa shuleni kwetu. Nasema watu wa shuleni kwa sababu ndivyo tulivyojulikana sisi tuliokaa kule ndani ya Kibamba, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara ya Morogoro. Hapakuwa na soko wala zahanati. Palikuwa na shule ya msingi, mashamba ya mihogo na mikorosho, na nyumba zilizotawanyika kuizunguka hiyo shule. Ukiulizwa barabarani unakwenda wapi, ulijibu "naenda shuleni," hata kama una miaka sitini na hujawahi kukalia dawati.

Baba alikuwa mwalimu mkuu hapo. Aliletwa kutoka bara mimi nikiwa na miaka sita, na wenyeji walimpa miezi mitatu. Walikuwa na sababu zao. Kabla yake walipita walimu wakuu wanne, na kila mmoja aliona kwamba maji yako mbali na nyumba ya mwalimu inavuja, akaenda mjini kufuatilia mshahara na hakurudi. Baba alikaa. Aliiezeka nyumba upya, akalima mihogo nyuma ya jiko, akajifunza kula kila kitu kwa nazi. Ilipofika mwisho wa miaka ya themanini, maduka ya mjini yalianza kujaa bidhaa tena na mshahara wa mwalimu ukawa haufiki katikati ya mwezi. Walimu wengi waliacha kazi wakaenda kuuza mitumba. Waliobaki walifundisha huku ndoo ya maandazi iko chini ya meza. Baba hakuwalaumu. Yeye alifuga kuku, na jioni alichukua baiskeli yake akazunguka nyumba hadi nyumba kuuliza kwa nini mtoto fulani hakuonekana darasani siku hiyo.

Siku aliyotuambia kwamba atagombea, tulikuwa tunakula. Mama aliweka kijiko chini.

"Ubunge wa nini, Mwalimu?" aliuliza. Mama alimwita Mwalimu kama watu wengine wote.

"Nimeandika barua za madawati miaka minane," Baba alisema. "Nimeandika za kisima. Sasa nataka kuwa mtu anayezisoma hizo barua."

Kuanzia wiki ile nilimwona amebadilika. Alinyoosha mgongo. Alianza kunyoa ndevu kila asubuhi, hata Jumapili, na jioni nilimsikia nyuma ya nyumba akijisemea, akirudia sentensi ileile kwa namna tofauti, kama mtu anayejaribu viatu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Sikuwahi kufikiria kwamba baba yangu anaweza kutaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, na nilipenda kumtazama akikitaka.

Wakati huo chama kilikuwa kimoja nchi nzima. Chama kiliteua watu wawili kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kuchagua kwa picha. Baba alipita kwenye vikao vyote vya uteuzi, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza, akapewa jembe. Mwenzake, aliyepewa nyumba, alikuwa ofisa wa shirika moja la umma, mtu wa suti safi na sauti nzuri, ambaye aliishi mjini na kuja kwetu mara chache. Hawakuruhusiwa kufanya kampeni kila mtu na lake. Walibebwa pamoja kwenye landrova moja, wakakaa benchi moja, wakapewa dakika sawa za kuzungumza.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakosa nafasi ya kuendelea, na Baba alikuwa amenipa kazi ya kufundisha kisomo, yaani darasa la watu wazima, saa tisa alasiri baada ya watoto kuondoka. Wanafunzi wangu walikuwa wanawake kumi na saba. Walikaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamegusa mbao, khanga mabegani, wakiandika kwa kukandamiza penseli mpaka karatasi inatoboka. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenyeji kabisa wa pale, mjane, aliyekuwa akiuza vitumbua langoni mwa shule asubuhi. Nilimchagua kuwa monita kwa sababu wenzake walimsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi, na tangu siku hiyo kila mtu, hata watoto, walimwita Monita. Alilipenda jina hilo. Alikuwa akifika wa kwanza na kufuta ubao kabla sijaingia.

Monita na Baba walikuwa na historia yao. Monita alimlea mjukuu wake wa kike, na mtoto huyo alipofika darasa la saba alivunja ungo. Desturi ya wenyeji ilikuwa kumweka msichana ndani miezi kadhaa afundwe, na mitihani ilikuwa karibu. Baba alikwenda jioni tatu mfululizo kwa Monita. Nilikwenda naye jioni ya tatu. Alikaa mkekani, akasema taratibu kwa lafudhi yake ya bara:

"Mama, mimi sikuja kuvunja desturi ya mtu. Naomba miezi minne. Mtihani ukiisha, mwekeni ndani, na mchele wa siku ya kumtoa nitachangia."

Monita aliuliza: "Na akifaulu?"

"Akifaulu tutakaa tena hapahapa tuongee."

Alifaulu. Akawekwa ndani kwanza, akatolewa kwa ngoma, Baba akaleta mchele kama alivyoahidi, halafu msichana akaenda sekondari ya wasichana mjini. Baada ya hapo Baba hakupita mbele ya nyumba ile bila kupewa vitumbua viwili vilivyofungwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo kampeni zilipofika kwenye uwanja wa shule yetu, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Watu walijaa mpaka kwenye mikorosho. Ofisa alizungumza wa kwanza, vizuri, kuhusu barabara na maji na viwanda. Halafu Baba akashika kipaza sauti na kufanya jambo ambalo alilifanya kila kituo: akawafundisha. Aliuliza swali, akanyamaza kusubiri jibu.

"Mtoto anayekaa chini sakafuni anaandika kwa mkono gani?" aliuliza.

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema, "Wa kulia."

"Hapana. Anaandika kwa mkono mmoja, wa pili ameuegemea ili asianguke. Kwa hiyo kila mwaka tunapata nusu ya mtoto."

Watu walipiga makofi mpaka wasimamizi wa chama wakaangalia saa zao. Nilimwona Monita katikati ya wanawake. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa amejishika shavu, anamtazama Baba kama mtu anayemwona mwanawe anapanda gari la kwenda mbali. Wakati ule sikuielewa sura ile.

Niliielewa siku tatu baadaye. Nilikuwa nimeandika ubaoni maneno ya siku hiyo, nikageuka, nikakuta hakuna aliyefungua daftari. Monita alisimama. Mlango alikuwa ameshaufunga.

"Mwalimu mdogo," alisema, "leo tunataka kusema neno, na tunalisema mbele yako kwa sababu kulisema nyuma yako ni ubaya. Sie tumekaa, tumeongea. Mwalimu hatumpi kura."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Tunampenda," alisema mwanamke mwingine, mke wa mchoma mkaa, aliyekaa dawati la mbele. "Usidhani hatumpendi."

"Sasa kwa nini?"

Monita aliketi ubavu juu ya dawati, maana miguu ilimuuma akisimama muda mrefu. "Mwanangu, akishinda ataondoka. Mbunge hakai shuleni. Atakwenda kwenye mikutano, atakwenda mjini, na hapa tutaletewa mtu mwingine. Wewe ulikuwa mdogo, huwajui waliopita kabla ya baba yako. Mie nawajua. Yupo mmoja alikaa wiki mbili. Wanangu wote wanne wamepita shule hii kabla ya Mwalimu, na hakuna hata mmoja anayeweza kusoma barua."

"Lakini anataka kuwaletea madawati," nilisema. "Anataka kisima."

"Madawati tutakosa," alisema. "Tumezoea. Mwalimu hatujazoea kumkosa."

Walikuwa wameshazungumza na waume zao, na wengine na wakwe zao. Walikuwa wameshafika mpaka nyumba za mbali upande wa mtoni. Nilitazama sura zile kumi na saba, watu niliowashika mikono wakaandika majina yao kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na furaha. Mke wa mchoma mkaa alikuwa analia kimyakimya.

"Mnataka nifanye nini?" niliuliza.

"Usimwambie," Monita alisema. "Akijua atakuja kuongea na sie, na Mwalimu akiongea tutashindwa."

Nilirudi nyumbani na siri hiyo. Baba alikuwa barazani anapiga rangi viatu vyake vyeusi. Aliniuliza kisomo kimeendaje, nikasema kimeenda vizuri. Alinitazama akatabasamu, akasema, "Hao wanawake wako ndio watakaonishindisha." Nilikwenda jikoni nikajitia kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Nilikuwa na siku kumi na moja za kumwambia, na sikumwambia. Nimejiuliza sana sababu. Nilijiambia kwamba nimeahidi, ingawa kwa kweli sikuwa nimetamka ahadi yoyote. Nilijiambia kwamba jimbo ni kubwa, kwamba huko kwingine watampa kura na sisi wachache hatutaharibu kitu. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo nalisema sasa kwa sababu ni mtu mzima: na mimi sikutaka aondoke. Nilipofikiria nyumba yetu bila yeye, baiskeli imeegemea ukuta mchana kutwa, nilijikuta nawaelewa wale wanawake kuliko nilivyotaka.

Siku ya kura ilikuwa Jumapili. Kituo kilikuwa darasa la pili, lilelile nililofundishia. Foleni ya wanawake na ya wanaume zilianza kabla jua halijapanda, na mimi na Mama tulisimama katikati ya wanawake. Walitusalimu kwa upole kupita kiasi. Mama alipewa kigoda akae, akaletewa maji. Aliniegemea akaninong'oneza, "Watu hawa wana adabu jamani," nami nikageuka kutazama foleni.

Ndani, nilipewa karatasi mbili, ya rais na ya mbunge. Nilikwenda nyuma ya pazia la khaki lililofungwa pale nilipozoea kuweka chaki. Kwenye karatasi ya mbunge, picha ya Baba ilikuwa juu ya alama ya jembe. Walikuwa wamempiga picha hiyo mjini, kola imembana shingo, macho yamefunguka sana. Alionekana kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Niliweka alama kwenye jembe, nikakunja karatasi, nikatoka nje nikiwa na wino kidoleni. Monita alikuwa anafuata kwenye foleni. Hatukutazamana.

Masanduku yalipelekwa wilayani kuhesabiwa. Baba mdogo, yaani mdogo wake Baba aliyekuwa karani wa bohari huko Ubungo, ndiye aliyekuwa wakala wake, na alifika nyumbani kesho yake alasiri akiwa na daftari la shule mkononi. Baba alisimama mara tu alipomwona anaingia uani.

"Umeshindwa, kaka," Baba mdogo alisema. "Kwa kidogo sana."

Baba aliitikia kwa kichwa. Nafikiri kushindwa alikuwa amejiandaa nako. Aliomba daftari aone. Karatasi za kila sanduku zilihesabiwa peke yake kabla ya kuchanganywa, na Baba mdogo alikuwa ameandika kituo kwa kituo. Mbezi alikuwa ameongoza. Huko upande wa pwani ambako hakujulikana kabisa, alikuwa amegawana kura na mwenzake nusu kwa nusu. Kidole chake kilishuka mstari hadi mstari mpaka kwenye kituo cha shule yetu, kikakaa hapo.

"Hapa umekosea kuandika," alisema. "Umegeuza jembe na nyumba."

Baba mdogo aliangalia chini. "Sikukosea, kaka. Nilihesabu nao mara mbili. Sanduku hilo ndilo lililotuangusha. Lingekuwa nusu kwa nusu tu, leo ungekuwa mbunge."

Baba alifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili kama tunavyompa mtu kitu kwa heshima. Alimshukuru kwa kazi, akamwambia Mama ampatie mgeni chakula, akaingia ndani. Mama alipompelekea sahani yake ilirudi kama ilivyokwenda.

Siku tatu hakwenda kazini. Haikuwahi kutokea. Siku ya tatu nilimsikia anamwambia Mama chumbani, kwa sauti ya kawaida kabisa, iliyonitisha kuliko angepaza: "Miaka kumi na minne, mke wangu. Nimezika nao, nimekula nao. Lakini ilipofika siku ya kuamua, nimekuwa mtu wa kuja. Wamemchagua mtu wa mjini asiyewajua hata majina, ili mradi asiwe mimi wa kutoka bara."

Mama alisema kitu ambacho sikukisikia.

"Hapana," Baba alisema. "Heri wangeniambia."

Jioni ile aliniita mezani. Alikuwa ameandika barua ya kuomba uhamisho, na aliniomba niinakili kwa mwandiko wangu, kwa sababu yake ilikuwa imejaa maneno yaliyokatwa na hakutaka maofisa waione hivyo. Nilikaa, nikachukua kalamu. Niliandika anwani. Niliandika kichwa cha habari. Nikafika kwenye sentensi iliyosema kwamba mwombaji amejiridhisha kuwa jamii inayoizunguka shule haina tena imani naye, na hapo kalamu ikakataa kwenda.

"Baba," nilisema, "hii si kweli."

"Andika tu, mwanangu."

"Si kweli. Walikunyima ili usiondoke."

Nilimwambia yote: mlango uliofungwa, maneno ya Monita, machozi ya mke wa mchoma mkaa, na wale wa upande wa mtoni. Nilizungumza haraka nikitazama meza. Nilipomaliza, nilisikia kuku wakipanda kwenye banda lao.

"Ulijua siku zote hizi?" aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Nilipokuwa nafanya kampeni, ulijua. Nilipovaa viatu vyangu asubuhi ile, ulijua."

"Ndiyo."

"Na kura yako?"

"Nilikupa wewe."

Hakusema kwamba ananisamehe, na wala hakunigombeza. Alichukua ile barua niliyoianza na ile ya kwake, akaziweka pamoja kwenye kabati, akafunga kwa ufunguo. Kabla ya hapo alikuwa na mazoea ya kuniita "mwalimu mwenzangu." Zilipita wiki nyingi kabla sijalisikia jina hilo tena, na kila siku nilisikia kwamba halikutamkwa.

Kesho yake alasiri alitoka na baiskeli, akaikokota badala ya kuipanda, akaniambia, "Twende. Wewe ndiye shahidi."

Monita alikuwa uani kwake, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Alipotuona alitaka kuinuka, Baba akamwashiria akae. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Baba hakukubali kigoda. Alisimama akiwa ameshika usukani wa baiskeli.

"Mama, nimesikia," alisema.

"Najua umesikia. Sura yako inasema."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungetushinda kwa maneno, Mwalimu. Wewe kazi yako ni kusema na watu kuelewa." Aliendelea kukuna, polepole. "Ungesimama hapa ukasema madawati, ukasema kisima, na mie ningekubali. Halafu mwezi wa pili mwalimu mkuu mpya angekuja na sanduku lake, na mwezi wa tano angeondoka nalo."

"Kura ni haki yenu," Baba alisema. "Hilo silikatai. Lakini mlinifanya nikae ndani siku tatu nikijua kwamba nyinyi mnanichukia. Nilikuwa namwambia mke wangu tufunge mizigo. Mlitaka nisiondoke, na mimi nikawa naondoka."

Mkono wa Monita ulisimama juu ya mbuzi.

"Hilo hatukulifikiria," alisema hatimaye. "Wallahi, Mwalimu, hilo halikutujia. Tulifikiri utahuzunika siku moja, kesho yake utapiga kengele."

"Nilikuwa naitaka kazi ile," Baba alisema. "Hakuna aliyeniuliza kama ninaitaka. Nilikuwa naitaka sana."

Monita aliweka kifuu chini. Aliinuka kwa shida, akafuta mikono kwenye khanga, akamsogelea, akashika usukani wa ile baiskeli karibu na mikono yake bila kumgusa. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilifika kifuani kwa Baba.

"Basi tumekukosea," alisema. "Kura ningeipiga vilevile, sitakudanganya. Ila tumekukosea."

Kuku walikuja kudonoa nazi iliyodondoka, hakuna aliyewafukuza. Baadaye Baba aliomba maji ya kunywa, na Monita akaingia ndani akayatoa kwenye mtungi, akamletea kwenye kikombe kizuri, kile cha maua cha wageni.

Jumatatu kengele ilipigwa mapema kuliko kawaida. Nilikuwa kitandani, nikajua ni yeye, kwa sababu walimu wengine waliipiga mara nyingi harakaharaka na yeye aliipiga kwa kituo. Alipotokea mbele ya watoto hakusema lolote kuhusu uchaguzi. Wazazi nao hawakuja na maneno. Walikuja na nyundo. Wiki ile, bila kuitwa mkutano, wanaume kadhaa walifika na mbao za minazi na misumari wakaanza kugonga madawati kwenye kivuli cha jengo la darasa la saba. Yalikuwa madawati mabaya, yanayoyumba, na mengine yalichana nguo za watoto. Baba aliyapokea yote, akayaandika namba kwa chaki, akasema yanatosha kuanzia.

Yule ofisa aliyeshinda alikuja kushukuru mara moja, akaahidi kisima, na hatukumwona tena mpaka muda wake ulipokwisha. Kisima hatukukipata. Wapo waliosema baadaye kwamba tulifanya ujinga, kwamba tungekuwa na mbunge wetu wenyewe mambo yangekuwa mengine, na mimi siwezi kuwabishia. Pengine Baba angekuwa mbunge mzuri sana. Hilo ni jambo ambalo hatutalijua, na ni sisi tulioamua tusilijue.

Baba na mimi tulipatana tena polepole. Siku moja ya mvua, mwalimu wa darasa la nne hakufika, na Baba akaja mlangoni akiwa ameshika kitabu cha mahudhurio juu ya kichwa chake ili asilowe. "Mwalimu mwenzangu," alisema, "nisaidie darasa la nne." Alisema kama vile hajawahi kuacha kusema. Nilichukua chaki nikamfuata mvuani, na sikutaka aone uso wangu.

Miaka ilipita, vyama vikawa vingi. Wakati huo Kibamba ilikuwa imeanza kujaa watu, viwanja vinakatwa, nyumba za matofali zinapanda mpaka karibu na uwanja wa shule. Vijana wawili waliosoma kwake walikuja na mashati mapya, wakakaa barazani, wakamwomba agombee ubunge kwa chama chao. Walisema jina lake peke yake linatosha. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia warudi baada ya siku mbili. Halafu alichukua kofia yake akaenda kwa Monita. Safari hii sikumfuata. Monita alikuwa mgonjwa wa miguu, hatoki ndani, na yule mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa akifanya kazi mjini, ndiye aliyekuwa akija kila wiki kumtazama.

Alirudi jua likiwa bado juu. Nilikuwa uani nachambua mchele, nikamuuliza wameongea nini.

"Nimemwambia nimeombwa tena," alisema. Alivua kofia, akaiweka gotini. "Akasema, 'Nenda, Mwalimu. Safari hii mie mwenyewe nitabebwa nikupigie kura.'"

"Sasa utagombea?"

Alichukua mchele kidogo kwenye ungo wangu, akautazama kiganjani, akatoa chuya moja, akaurudisha.

"Hapana," alisema. "Ile hamu imekwisha. Imebaki miaka michache nistaafu, na darasa la tano hawajaweza kugawanya kwa tarakimu mbili." Alifikiri kidogo. "Lakini nimefurahi kuambiwa niende."

Vijana waliporudi aliwashukuru, akawapa chai, akawasindikiza mpaka kwenye njia kubwa. Nilimwona akirudi peke yake kati ya nyumba mpya, akisimama kila baada ya hatua chache kusalimiana na watu, kwa hiyo alichukua muda mrefu sana kufika.